Kusuka Sumaku Itumbe

Ukitaja Itumbe mbele ya mtu wa Kisii, atafikiria majani chai. Kiwanda kipo pale, kimoja kati ya vile vinavyosimamiwa na shirika la chai la KTDA, na mazungumzo ya wakulima wanaokilisha ni yale yale ya kila mahali penye chai: bei ya kilo, bonasi, mvua ya mawe, lori lililochelewa kituoni hadi majani yakapata joto. Sumaku haitajwi na mtu. Lakini hebu sumaku zote za hapa zizimike kwa saa moja. Feni zinazopuliza majani yanyauke zitasimama. Roli za kukata na kusaga majani zitasimama. Kikausho kitakosa hewa, mikanda italala, na kinu cha posho sokoni kitanyamaza huku debe la wimbi likiwa nusu limesagwa. Ndani ya kila mota inayozunguka huko mna sumaku iliyotengenezwa kwa waya wa shaba, chuma na stima, na stima ikikatika, sumaku hiyo hutoweka papo hapo.

Sumaku hizi hufa. Zikifa, hupelekwa kwa fundi wa kusuka mota, na ni ufundi wake ninaotaka kuusifu. Mafundi wa aina hii utawakuta katika miji ya Gusii kuanzia Ogembo hadi Keroka na Nyamira, katika vibanda vya mabati ambavyo alama yake ni mota mbovu zilizopangwa mlangoni. Wapita njia huona vyuma vikuukuu. Ndani, mtu amekaa kwenye stuli, taa imeshushwa karibu na mikono yake, na anafanya kazi ambayo haiwezi kuharakishwa.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua orodha ya mambo yanayoipa sumaku ya umeme nguvu. Ongeza mkondo. Ongeza mizunguko ya waya. Tumia kiini cha chuma laini. Sogeza ncha zikaribiane. Kwa msumari, betri na pini chache, orodha hiyo inathibitika kabla kengele haijalia, na kila neno lake ni la kweli. Tatizo ni kwamba ndani ya mota mambo hayo hugombana. Mizunguko zaidi inadai nafasi, na nafasi ni ile ile iliyoachwa na kiwanda kilichounda mota. Waya mwembamba utaingia mwingi, ila utachemka. Mkondo mkubwa unaleta nguvu na moto kwa pamoja. Fundi anaishi katikati ya ugomvi huo, na uamuzi wake hupimwa na kinu kitakachosaga mahindi ya watu kwa miaka au kitakachotoa moshi wiki ijayo.

Kazi huanza kwa maswali.

“Fundi, ilinguruma kidogo halafu ikatoa moshi.”

“Mlikuwa mnasaga nini, Mama?”

“Wimbi. Na siku hiyo stima ilikuwa chini.”

Jibu hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko anavyodhani mwenye kinu. Nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volteji: volteji ikishuka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu haibaki 90 kwa 100, inashuka hadi 81. Wimbi halijui habari hiyo. Mzigo ni ule ule, kwa hiyo mota inapunguza mwendo na kuvuta mkondo zaidi ili iendelee kuzunguka, na joto la waya nalo hupanda kwa mraba wa mkondo. Ndiyo maana katika vijiji vilivyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, mota hufa kwa uhaba wa stima zaidi kuliko kwa wingi wake. Ajabu hiyo wengi hawaiamini hadi waonyeshwe.

Kisha fundi anafungua kifuniko na kuchunguza vilivyoungua. Hapa ndipo unapoanza kumheshimu. Mota ya fezi tatu ina makundi matatu ya koili, na jinsi yalivyoungua inasema nini kilitokea. Kama fezi moja ilikatika, labda kwa fyuzi iliyokufa au waya uliolegea kwenye nguzo, na mota imeunganishwa kwa nyota, utakuta makundi mawili yamekuwa meusi na la tatu linang’aa kana kwamba limesukwa jana. Ikiwa imeunganishwa kwa delta, mambo yanageuka: kundi moja limeungua, mawili ni mazima. Yote matatu yakiwa meusi kwa usawa, mota ilizidiwa na mzigo au ilikosa hewa. Doa moja dogo jeusi kwenye mdomo wa mfereji mmoja kati ya ile inayolaza koili linamaanisha kwamba karatasi ya kuhami ilipasuka pale, au panya alijenga. Fundi asiyesoma alama hizi atasuka mota vizuri kabisa na kuirudisha kwenye ile ile fyuzi mbovu iliyoiua.

Halafu anahesabu. Anakata vichwa vya koili upande mmoja kwa patasi, anahesabu nyaya za kila mfereji, anaunguza enameli ya kipande cha waya na kukipima unene kwa maikromita, kisha anaandika: mifereji 36, mizunguko kadha kwa koili, koili inaruka kutoka mfereji huu hadi ule, unene wa waya, nyaya ngapi sambamba. Vyote hivyo vinaingia kwenye daftari la shule lenye madoa ya vanishi. Mwizi mwenye akili angeacha vyombo akachukua daftari hilo.

Kwa nini mzunguko mmoja uhesabiwe kwa makini hivyo? Kwa sababu mota inaikunja ile kanuni ya darasani kwa namna ambayo vitabu vya shule havifiki. Ukiwa na msumari na mkondo usiobadilika, mizunguko zaidi ni nguvu zaidi. Mota ya kinu, hata hivyo, haikupewa mkondo. Imepewa volteji, 240 au 415, inayogeuka mara 50 kwa sekunde. Koili yenyewe hujibu stima hiyo kwa kusukuma kinyume, na usumaku ndani ya chuma hupanda mpaka msukumo huo ukaribie kulingana na volteji inayoingia. Mizunguko ikiwa michache, kila mmoja lazima ubebe sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo, na chuma lazima kibebe usumaku mwingi zaidi. Kwa maneno mengine, ukipunguza mizunguko ya mota, sumaku yake inaongezeka nguvu. Ukiongeza mizunguko ukidhani unaiimarisha, unapata mota pole inayozunguka vizuri ikiwa tupu na kugoma mara mkanda wa kinu unapofungwa.

Basi kwa nini asipunguze tu? Kwa sababu chuma kina kikomo. Chuma cha mota hushiba kinapokaribia tesla 2, na waundaji hukiacha chini ya hapo kwa makusudi. Kikishashiba ni kama kikapu cha mchuma chai kilichojaa hadi ukingo: majani unayoendelea kuyarundika juu yanamwagika. Mkondo unapanda, usumaku hauongezeki, na tofauti yote inakuwa joto na mngurumo mzito ambao fundi mzoefu anautambua akiwa bado barabarani. Mota ya namna hiyo hupata moto hata ikiwa haina mzigo. Mara nyingi ni kazi ya mtu aliyeishiwa waya akakatisha koili mizunguko michache kabla ya mwisho, akatumaini hakuna atakayejua. Chuma kimejua.

Nikiangalia koili ikiviringishwa kwenye fremu ya mbao, namkumbuka Joseph Henry, mwalimu wa Albany kule Marekani. Mwingereza William Sturgeon alikuwa ametangulia: mwaka 1824 alikunja kipande cha chuma kama kwato, akakipaka vanishi na kukizungushia waya mtupu wa shaba mara chache, mizunguko ikiwa imeachana ili isigusane. Chuma cha gramu 200 hivi kikainua kilo 4. Henry yeye hakuhami chuma. Alihami waya wenyewe, akauvika hariri. Jambo dogo, lakini sasa mizunguko iliweza kubanana na kupandana, na mwaka 1831 sumaku aliyokiundia Chuo cha Yale iliinua zaidi ya kilo 900. Henry pia alitambua kwamba koili nyingi fupi zilizounganishwa sambamba zinafaa aina moja ya betri, na koili moja ndefu inafaa aina nyingine. Fundi wa Gusii anapoamua kama makundi ya koili yaunganishwe kwa mfululizo au sambamba, analitatua swali hilo hilo.

Hariri imegeuka kuwa enameli, tabaka jembamba kiasi cha sehemu chache za mia za milimita, na hapo ndipo subira inapojaribiwa. Mdomo wa mfereji una upana wa milimita mbili au tatu. Ndani yake zinapaswa kuingia nyaya zote zilizohesabiwa bila hata moja kukwaruzwa. Kwanza anakata karatasi ya kuhami, anaikunja kingo zake kwa ukucha, anaitelezesha mferejini hadi ichomoze kidogo pande zote mbili. Kisha anachukua koili, anaitandaza kwa vidole ili nyaya zilale bapa, na anazishusha tatu nne kwa wakati, akizivuta upande wa pili kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizisukuma kwa kijiti cha mwanzi kilicholainishwa. Hatumii bisibisi. Chuma chenye ncha kikigusa enameli kinaacha mkwaruzo usioonekana, na mkwaruzo huo ukikutana na mwenzake, mizunguko miwili inagusana, inajifunga kuwa pete, na mkondo unaozunguka ndani ya pete hiyo huichoma koili nzima. Mfereji ukijaa, karatasi inakunjwa juu, na kabari iliyochongwa kutoka mwanzi mkavu inapigwa taratibu kuziba mdomo. Halafu mfereji unaofuata.

Waya ukiwa mnene mno kwa mdomo wa mfereji, kuna hila nzuri ya kihesabu. Waya wa milimita 1 hubadilishwa na nyaya mbili za milimita 0.71 zinazokwenda pamoja: eneo la shaba linabaki lile lile, ukinzani ule ule, ila nyaya mbili nyembamba zinakunjika na kuingia pale ambapo mmoja mnene ungekataa. Fundi anaweza asikuandikie hesabu ya miraba, lakini namba zenyewe zimo kichwani mwake kwa jozi, naye huzitaja bila kufikiri. Atakachokataa ni kutumia waya mwembamba kuliko wa awali kwa sababu tu ndio uliopo dukani. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 40 joto linapopanda kwa nyuzi 100. Waya uliokwisha kubanwa hupata moto, na moto unaubana zaidi.

Nimeacha hatua moja, ile ninayoiona nzuri kuliko zote kwa sababu hakuna mteja anayeiona: kuzitoa koili za zamani. Vanishi imezigandisha mferejini, na njia rahisi ni kuitupa stata nzima, yaani chuma kisichozunguka chenye mifereji hiyo, kwenye moto, ikae hadi kila kitu kiwe majivu. Wengi hufanya hivyo. Lakini chuma cha stata si pande moja. Ni mabati mamia, kila moja lenye unene wa nusu milimita hivi, yaliyopakwa tabaka jembamba la kuhami ili mkondo usizunguke ndani ya chuma chenyewe. Chuma ni mvumilivu: hata kikifika nyuzi 770, ambapo usumaku hukiacha kabisa, kikipoa kinaurudia. Lile tabaka halirudi. Mabati yakishagusana, mikondo ya kuzunguka huzaliwa kati yake, na stata inakuwa jiko linalojipasha kila mota inapowashwa. Utasuka shaba mpya, safi, kwa hesabu sahihi, na mota itaendelea kuwa moto maisha yake yote. Karakana kubwa zina tanuri zinazochunga joto lisivuke nyuzi 370 hivi. Fundi asiye na tanuri ya aina hiyo lakini mwenye dhamiri huikata koili, hupasha taratibu mpaka vanishi ilegee, kisha huvuta nyaya chache chache kwa koleo. Hulipwa sawa na yule wa moto mkubwa.

Subira hiyo hiyo inahitajika penye rota, sehemu ya mota inayozunguka. Kati ya rota na stata kuna pengo la hewa ambalo mara nyingi halifiki nusu milimita, na hapo ndipo sehemu kubwa ya juhudi ya koili inapokwenda, kwa kuwa chuma kizuri hupitisha usumaku kwa urahisi mara maelfu kuliko hewa. Beringi ikilika, rota hushuka na kuanza kukwangua. Fundi wa haraka huipeleka kwenye lethi ikapunguzwe kidogo. Kelele inakwisha, mteja anafurahi, na pengo limepanuka milele: mota sasa itavuta mkondo zaidi ili kupata usumaku ule ule. Fundi makini hubadilisha beringi, hupima nyumba yake, na rota haiguswi.

Mwisho ni vanishi. Ni rahisi kudhani imewekwa kwa ajili ya unyevu tu, na kweli Itumbe ina unyevu wa kutosha. Lakini stima ya hertzi 50 husukuma kila waya mara 100 kwa sekunde, na nyaya zilizolegea hutetemeka na kusuguana hadi enameli iishe. Vanishi inazifunga ziwe kitu kimoja. Inatiwa stata ikiwa na joto ili ipenye hadi chini, inachuruzishwa, inatiwa tena, kisha inakaushwa katika sanduku lenye balbu au jiko la makaa lililofunikwa. Mvua ikiwa haikatiki, kukausha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kusuka. Mteja hapigi simu kuuliza kama vanishi imekauka. Anauliza kama mota iko tayari.

Kuna jambo dogo kuhusu vilima hivi ambalo hupuuzwa. Kibao cha mota huandikwa nguvu zake kwa kudhani itafanya kazi mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, penye hewa isiyozidi nyuzi 40. Nyanda za Kisii ziko juu zaidi ya hapo, na hewa nyepesi hupoza vibaya. Kinachookoa mota za huku ni baridi, maana hewa ya Kisii haikaribii nyuzi 40. Mota iliyoishi bila taabu Itumbe haina hakika ya kuishi hivyo Garissa.

Kiwandani kuna pia sumaku zisizohitaji stima, nazo zina ufundi wake. Mashine za CTC, aina iliyobuniwa na William McKercher huko Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930, hutumia roli mbili za chuma zenye meno makali, moja ikizunguka kwa kasi mara kumi hivi kuliko mwenzake, na majani hupasuliwa katikati. Meno hayo hulika. Vumbi la chuma huingia kwenye chai, na sumaku zilizowekwa kwenye njia ya kuchambulia hulinasa kabla chai haijapakiwa. Hapa hakuna koili ya kuhesabu, ila nguvu bado ina masharti. Mvuto hupungua upesi mno kadiri ya umbali, kwa hiyo chai ipite ikiwa tabaka jembamba. Ikipita kwa rundo, chembe za juu hazinaswi. Sumaku ya neodimiamu, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina nguvu kuliko zote zinazouzwa, lakini ile ya kawaida huanza kudhoofika ikipita nyuzi 80, kwa hiyo haifai kuwekwa mdomoni mwa kikausho. Feriti nyeusi, ile iliyomo nyuma ya spika ya redio, ni dhaifu ila haiogopi joto hilo. Na sumaku yoyote iliyovaa koti la vumbi la chuma imejitenga na chai kwa unene wa koti hilo. Mfanyakazi anayeifuta kila zamu anairudishia nguvu zake kwa kitambaa tu.

Tukirudi kibandani, siku hizi kuna mota za bei nafuu ambazo kibao chake kinatangaza nguvu nyingi na uzito wake unasema vingine. Fundi akikata kichwa cha koili, rangi ya fedha inajitokeza chini ya enameli nyekundu: ni alumini. Ukinzani wake ni mara 1.6 hivi ya shaba, na mifereji haikupanuliwa kuufidia. Akiisuka kwa shaba nene kadiri mfereji unavyokubali, itapoa zaidi kuliko ilivyotoka dukani. Mizunguko haibadilishi, kwa sababu chuma ni kile kile na volteji ni ile ile. Nguvu za kwenye kibao hawezi kuzitoa, kwani chuma cha kuzibeba hakikuwekwa tangu mwanzo, naye humwambia mwenye kinu hivyo kabla hajapokea hela:

“Mama, itasaga mahindi yako bila shida. Wimbi likiwa na unyevu, usijaze.”